Usiache Kaseti Yako kwa Faili Ipitayo

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo nimeifundisha kwa miaka mingi katika madarasa ya Garissa. Nimeieleza maana yake, nimeitungia visa, na nimesahihisha insha zisizohesabika zilizoandikwa juu yake. Hata hivyo, siku nilipotakikana kuitii mimi mwenyewe, haikunijia akilini. Nilikuwa na kaseti mkononi, nikaonyeshwa faili ya kompyuta, nikaiacha kaseti. Haya ninayoyaandika leo ni maungamo ya kosa hilo. Ni ombi pia kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wetu, maana kosa lilo hilo nalishuhudia likitendeka kila siku madukani, majumbani na hata shuleni.

Kisa chenyewe ni hiki. Mnamo mwaka 1986 palikuwa na arusi katika ukoo wetu mjini Garissa. Mama yangu mdogo, ambaye kwa Kisomali tulimwita habaryar, alikuwa mghani wa buraanbur. Kwa msomaji asiyeujua, huu ni ushairi wa wanawake wa Kisomali, unaoghanwa arusini na katika mikutano yao mingine huku wenzao wakipiga makofi na ngoma. Usiku ule alighani utungo mrefu. Alianza kwa kumuusia bi arusi, kisha akahadithia jinsi jamaa zetu walivyohama na mifugo wakati wa ukame, akivitaja visima kimoja baada ya kingine hadi walipoufikia mto Tana. Binamu yangu mmoja wa kike alikuwa ameiweka redio ya kaseti juu ya mkeka, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja kama ilivyokuwa desturi ya kurekodi, na sauti ikaingia katika utepe. Upande mzima wa kaseti, dakika 45, ukawa wa habaryar.

Kijana wa leo huenda akadhani kuwa kaseti ilikuwa chombo cha starehe tu. Kwetu sisi wa Kaskazini Mashariki ilikuwa barua, gazeti na maktaba. Kampuni ya Philips iliitoa kaseti hiyo ndogo mwaka 1963, ilhali Kisomali hakikupata hati rasmi ya kuandikiwa hadi mwaka 1972. Yaani kwa karibu mwongo mzima, sauti ya Msomali ilikuwa imepata pa kuhifadhiwa kabla maandishi yake hayajapata. Jamaa aliyekwenda kufanya kazi Uarabuni hakuwaandikia watu wake. Alizungumza katika kaseti, akamkabidhi msafiri. Mashairi nayo yalisafiri vivyo hivyo. Mlolongo wa mashairi uitwao Deelley, ulioanzishwa mwaka 1979 na mshairi Gaarriye na ambao Hadraawi naye alishiriki, ulienea kwa kaseti zilizonakiliwa mkono kwa mkono, wakati serikali ya Siad Barre haikuyavumilia maneno ya ukosoaji katika redio yake. Nyimbo za Magool na za Hasan Adan Samatar nazo zilitufikia Garissa kwa njia hiyo, nakala ya nakala, tukizirudisha nyuma kwa penseli ili tusimalize betri.

Habaryar aliaga dunia mwaka 1998. Miaka kumi baadaye redio yetu ya kaseti ilikuwa imeharibika, na kila mtu mjini alikuwa amenunua simu yenye kupiga muziki. Nikaipeleka kaseti ile katika duka moja ambapo kijana hodari alikuwa akiwatia watu nyimbo katika kadi za simu. Aliunganisha mashine ya kaseti na kompyuta, akaicheza, akabofya hapa na pale. Nilimwuliza kama sauti ingetosha katika simu yangu, ambayo ilikuwa na nafasi ndogo mno. Akanijibu, "Usijali, adeer, nitaibana hadi itoshe." Na kweli akaibana. Dakika 45 za habaryar ziliingia katika megabaiti zipatazo 4 tu. Nilisikiliza nje ya duka, katikati ya honi za magari na kelele za wachuuzi, nikaona muujiza. Marehemu alikuwa mfukoni mwangu.

Nilirudi nyumbani na kaseti ambayo sasa niliiona kuwa ganda tupu. Mwanangu aliuomba utepe ule autumie kama mkia wa kishada chake. Nikampa. Nilisimama mlangoni nikamtazama akikimbia nao uwanjani, utepe ukimetameta juani, nami nikicheka.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alizaliwa mwaka 2019. Nilikuwa nikifundisha fasihi simulizi, na nikaona ni vyema wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wapate mfano wa kwao badala ya kutegemea mifano ya vitabu peke yake. Nikawaletea sauti ya habaryar ili waiandike, waitafsiri kwa Kiswahili, kisha waichambue. Tuliiunganisha simu na spika kubwa ya shule. Hapo ndipo yaliponifika. Katika simu ndogo, nje ya duka, sauti ilionekana safi. Katika spika kubwa, ndani ya darasa lililonyamaza, tulisikia mtu anayezungumza kutoka ndani ya mtungi. Makofi yalikuwa mabubujiko ya maji. Kila wenzake walipoitikia, sauti yake ilizama. Na alipokuwa peke yake, konsonanti zake zilikuwa kama zimefutwa kwa kidole.

"Mwalimu," akauliza msichana mmoja aliyekuwa akiandika, "hapa anasema *s* au *f*?" Sikuweza kumjibu.

Swali lile lilikuwa zito kuliko alivyojua. Ushairi wa Kiswahili, kama mnavyofundishwa, hufungwa kwa vina mwishoni mwa vipande vya mishororo. Ushairi wa Kisomali hufungwa mwanzoni mwa maneno. Mshairi huchagua sauti moja, na katika utungo wote kila mshororo sharti uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo. Mlolongo wa Deelley niliokwisha kuutaja ulipata jina lake kutokana na herufi D iliyoufunga. Utungo wa habaryar ulifungwa kwa S. Kwa hiyo sauti iliyokuwa imefutwa katika faili yangu ilikuwa ndiyo kamba iliyoushikilia utungo mzima.

Nikaanza kutafuta kujua kilichotokea dukani siku ile. Niliyoyapata nitayaeleza kwa lugha nyepesi, maana naamini kila mwalimu na kila mwanafunzi anapaswa kuyajua kabla hajaigusa kaseti ya mzee wake.

Kompyuta haihifadhi sauti kama utepe unavyoihifadhi. Huipima. Kila sekunde huchukua vipimo vingi vya mawimbi ya sauti, vipimo ambavyo huitwa sampuli, na kuviandika kama tarakimu. Katika diski za muziki za CD, sampuli huwa 44,100 kwa kila sekunde. Idadi hiyo haikuokotwa tu. Sikio la binadamu kijana husikia mitetemo ifikayo takriban 20,000 kwa sekunde, na kanuni ya hisabati inasema kwamba ili kunasa mtetemo wowote, ni lazima upime kwa zaidi ya maradufu ya kasi yake. Vipimo hivyo vyote vikiandikwa bila kupunguzwa, kama ilivyo kawaida katika faili za WAV, dakika moja ya muziki huchukua megabaiti 10 na ushei. Ni mzigo mkubwa.

Ili kuupunguza mzigo huo, wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer kule Erlangen, Ujerumani, akiwemo Karlheinz Brandenburg, walishirikiana kubuni muundo ambao tangu mwaka 1995 umejulikana kwa jina la MP3. Siri yake ni kwamba sikio letu lina udhaifu. Sauti kubwa huifunika sauti ndogo iliyo jirani nayo, hata hatuisikii. Basi MP3 huhesabu ni nini tusichoweza kukisikia, ikakitupa. Faili ikabanwa kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja hubaki karibu megabaiti moja; yaani sehemu kumi katika kumi na moja za tarakimu zimeondoka, na wengi wetu hatutambui. Inafaa kukumbuka kwamba Brandenburg aliuchagua wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega kuwa mojawapo ya mitihani ya kazi yake, kwa kuwa ndani yake mna sauti ya mwanamke mmoja anayeimba bila ala yoyote. Sauti kama hiyo haina pa kuficha kasoro. Buraanbur ni jamaa wa karibu wa sauti hiyo.

Lakini faili yangu haikuwa hata MP3. Kijana yule, kwa kuitikia ombi langu la nafasi ndogo, alikuwa ameigeuza kuwa AMR, muundo uliobuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu za mkononi. Muundo huo hupima sauti mara 8,000 tu kwa sekunde, na kwa kanuni niliyoitaja hapo juu hauwezi kubeba mtetemo wowote unaozidi 4,000. Sasa, herufi S ni upepo unaopita kati ya ulimi na meno, na sehemu kubwa ya nguvu yake, hasa katika kinywa cha mwanamke, iko juu ya kiwango hicho. Ukiikata, kinachosalia hufanana mno na F. Kila mmoja wetu amewahi kutaja jina lake katika simu ikambidi aseme, "S ya simba, si F ya fisi." Zaidi ya hayo, AMR iliundwa ikidhani kwamba inamsikiliza mtu mmoja anayezungumza. Haikuandaliwa kwa wanawake thelathini wanaopiga makofi, wala kwa ngoma. Ilipokutana navyo, ilivisaga.

Msomaji ataniuliza: je, hukujaribu kuigeuza tena iwe bora? Nilijaribu. Niliichukua faili ile nikaigeuza kuwa WAV yenye ubora wa CD. Ikavimba kutoka megabaiti 4 hadi zaidi ya 470. Kwa dakika chache nilijaa matumaini, kisha nikaisikiliza. Ilikuwa ni ile ile. Kompyuta haikuwa na mahali pa kuzitoa S zilizotupwa mwaka 2008. Ilichofanya ni kukiandika kile kile kilichobaki katika karatasi kubwa zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, hata ukileta ndoo kubwa namna gani.

Wafugaji wetu wangelielewa jambo hili upesi kuliko sisi tuliosoma. Ziko njia mbili za kupunguza mzigo wa safari. Ya kwanza ni ile ya aqal, nyumba yetu ya kuhamahama. Mikeka hukunjwa, fito hufungwa, vyote hupakiwa juu ya ngamia, na mahali mnapofika nyumba husimamishwa tena bila kupungua hata ufito mmoja. Njia ya pili ni ya nyirinyiri. Nyama hukatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta. Ni tamu, ni nyepesi, na hukaa siku nyingi. Lakini hakuna aliyewahi kuichukua nyirinyiri akairudisha kuwa ngamia. Muundo wa FLAC, uliotolewa kwa umma mwaka 2001, ni wa njia ya aqal. Huikunja sauti, mara nyingi hadi karibu nusu ya ukubwa wake au zaidi kidogo, na ikikunjuliwa kila tarakimu hurudi mahali pake. MP3, AMR na ndugu zao ni nyirinyiri.

Nisieleweke vibaya. Siyashambulii mafaili madogo, wala simlaumu kijana wa duka, ambaye alinipa kile kile nilichomwomba. Katika eneo ambalo umeme haujafika vijiji vingi na simu nyingi ni za bei ya chini, faili ndogo ndiyo iliyoubeba muziki wetu kutoka kadi hadi kadi, kutoka Mandera hadi Garissa na hadi kambi za Dadaab. Isingekuwa hiyo, vijana wetu wengi wasingelijua hata jina la Magool. Nyirinyiri ni chakula chema. Kosa ni kumchinja ngamia wa pekee aliyebaki, ukamgeuza wote kuwa nyirinyiri, kisha ukashangaa kwamba huna maziwa.

Wenzetu wa Hargeysa walilielewa jambo hili katika hali ngumu kuliko yetu. Mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre zilipoupiga mji huo kwa mabomu, wapenzi wa muziki na watu wa redio walizificha kaseti na tepu. Nyingine zilizikwa ardhini, nyingine zikavushwa mipaka. Baada ya vita zilifukuliwa na kukusanywa. Leo Kituo cha Utamaduni cha Hargeysa, kilicho chini ya wakfu wa Redsea, kina hifadhi ya kaseti zaidi ya 10,000 ambazo kazi ya kuzigeuza kuwa za dijitali imekuwa ikiendelea. Mwaka 2017 kampuni ya Ostinato Records ilitoa mkusanyo wa nyimbo 15 za Kisomali, nyingi zikiwa zimetoka katika hifadhi hiyo, na mkusanyo huo ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Dunia iliweza kuzisikia nyimbo hizo kwa sababu asili zake zilikuwapo. Watu walizizika kaseti ili zisiangamie, nami yangu niliifanya mkia wa kishada wakati wa amani.

Nasi je? Ni nani hapa kwetu anayezihifadhi sauti za wazee wa Garissa, Wajir na Mandera? Ziko wapi sauti za walioyaona ya Bulla Kartasi mwaka 1980, au ya Wagalla mwaka 1984, waliosimulia kwa ndimi zao wenyewe mbele ya jamaa zao? Baadhi ya sauti hizo zimo katika masanduku ya chuma chini ya vitanda, katika kaseti zinazopikwa na joto la mji huu ambalo mara kwa mara hupita nyuzi 35. Utepe huchakaa, hunata, hukatika. Mashine za kuzicheza zinaadimika. Hatuna miaka mingi.

Ndiyo maana nawageukia walimu wenzangu. Tunapofundisha utafiti wa nyanjani katika fasihi simulizi, huwaambia wanafunzi watumie kinasa sauti, wakaandika jibu hilo na kupewa alama. Nani amewahi kuwaambia wanase kwa muundo gani, na waweke nini baadaye? Nathubutu kusema kwamba swali hilo linastahili nafasi darasani kama lilivyo swali la vina na mizani. Tena halihitaji mali nyingi. Nitaeleza mambo machache niliyojifunza kwa gharama ya sauti ya habaryar.

Kwanza, kaseti yenyewe isitupwe kamwe, hata baada ya kunakiliwa. Vunja vile vijipande vidogo vya plastiki vilivyo nyuma yake ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti kabla ya kuicheza. Usiiweke simu mbele ya spika ukadhani umenakili. Tumia waya utokao katika mashine na kuingia katika kompyuta. Programu ya Audacity, isiyouzwa kwa senti, inatosha kabisa. Chunga sauti isipande kupita kiasi, kwani kilele kikikatwa katika tarakimu hakirudi.

Pili, nakala ya kwanza iwe kamili. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti na picha, IASA, linapendekeza sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, kila moja ikiandikwa kwa biti 24, bila kubanwa. Kaseti ya dakika 90 kwa kipimo hicho huchukua gigabaiti moja na nusu hivi. Mtu atasema ni nyingi. Lakini diski moja ya terabaiti, inayoweza kuingia mfukoni, huchukua zaidi ya kaseti 600 za namna hiyo, na zikikunjwa kwa FLAC nafasi huongezeka. Sijui shule katika kaunti yetu ambayo wazazi wake wote kwa pamoja wana kaseti nyingi kiasi hicho zenye sauti za watu wao.

Tatu, nakala ndogo zitoke kwa nakala kubwa, wala zisitoke kwa nyingine ndogo. Ukitaka MP3 ya simu, itoe katika WAV au FLAC. Ukitaka muundo mwingine kesho, rudi tena kwenye asili. Anayeigeuza MP3 kuwa muundo mwingine wa kubana, na huo kuwa mwingine tena, huichemsha nyama iliyokwisha kukaangwa. Kila mara hupungua kitu. Na anayemrekodi nyanya yake leo asitumie ujumbe wa sauti wa simu, ambao hubanwa vikali ili upite katika mtandao. Atumie programu ya kurekodi iliyowekwa katika WAV.

Nne, pawe na daftari. Mali bila daftari huisha bila habari. Ni nani aliyeghani, wapi, mwaka gani, katika shughuli gani, na nani alirekodi? Pia, je, mwenye sauti au jamaa zake wameridhia? Swali hili la mwisho ni zito kwetu, maana tungo nyingi za buraanbur zilighanwa kati ya wanawake peke yao, na si kila kilichosemwa mkekani ni cha kupigwa sokoni. Faili ndogo husambaa kwa urahisi kuliko kaseti, na ikishatoka haiitiki ikiitwa. Mimi mwenyewe, kabla ya kuipeleka darasani sauti ya habaryar, niliomba ruhusa kwa binti zake. Nayo nakala kamili ikae mahali pawili, moja shuleni na nyingine mbali na hapo, ili moto au mwizi mmoja asizimalize zote.

Sasa nirudi kwa wanafunzi wangu wa mwaka 2019, ambao hawakukata tamaa. Walizigawanya zile dakika 45 baina yao, wakasikiliza mshororo mmoja mara ishirini, mara thelathini. Hapo ndipo nilipostaajabia hekima ya watangulizi wetu. Kila walipobishana juu ya neno lililofifia, walijiuliza: mshororo huu tayari una neno la S, au bado? Kama bado, basi neno lenye utata ndilo lililoibeba. Sheria ya utungo ikawa fundi wetu. Washairi wa kale, ambao hawakuwa na hati wala utepe, walikuwa wameufunga ushairi kwa namna ambayo ukivunjika mahali, uvunjikaji huonekana, na mara nyingine huweza kuungwa. Vina na mizani vyetu vya Kiswahili hufanya kazi hiyo hiyo.

Hata hivyo sheria ile haikuokoa kila kitu. Ilituonyesha maneno ya S. Haikutuonyesha majirani zao. Kati ya majina ya visima alivyovitaja habaryar, manne hatukuyapata. Tulimwendea dada yake wa pekee aliye hai, mzee sana, anayeishi nje ya mji. Safari hii mwanafunzi mmoja aliiandaa simu yake ipasavyo, akaitandikia kitambaa, akaomba ruhusa, akaandika tarehe. Bibi alikumbuka mishororo kumi na mmoja, na jina la kisima kimoja. Visima vitatu vilivyobaki hakuna anijuaye mimi anayevikumbuka. Watu walinusurika kwa maji yake, mwanamke akavitunza katika shairi, shairi likatunzwa katika utepe, na utepe ukaruka na kishada.

Mwanafunzi unayesoma makala haya, mwishoni mwa wiki hii chungulia chini ya kitanda cha nyanya yako. Ukikuta kaseti, usimwambie yeyote akubanie itoshe katika simu. Iulize kwanza imebeba sauti ya nani. Nawe mwalimu mwenzangu, ukiletewa kaseti hiyo darasani, ipokee kwa mikono miwili, uinakili nzima, kisha umrudishie mwenyewe.